Kuchi Ameshasomwa

Jioni, wanafunzi wakishaondoka, madawati ya darasa moja jirani na Soko la Temeke Stereo husukumwa ukutani na sakafu inakuwa dojo. Mazoezi ya karate yana watazamaji watatu wasiolipa ada. Mjusi ana makazi ya kudumu juu ya ubao. Kunguru hutua kwenye nondo za dirisha. Kuchi, jogoo mrefu mwenye shingo ya ubishi, husimama mlangoni kama mlinzi ambaye hakuajiriwa na mtu.

"Shikamoo, Babu Mjusi," alisema Kunguru.

"Marahaba. Umechelewa, mjukuu wangu. Kuchi ameshapigwa."

"Nani kapigwa?" alifoka Kuchi, huku jicho moja likiwa limevimba. "Jogoo wa Tandika kanibahatisha tu."

"Hajakubahatisha. Kakusoma," alisema Kunguru. "Wewe unainamisha shingo, unakwaruza chini mara mbili kwa mguu wa kulia, halafu unaruka makucha mbele. Miaka yote. Mwenzako amengoja mkwaruzo wa pili, akasogea pembeni. Ukatua patupu, akakudonoa anavyotaka."

"Hiyo ndiyo staili yangu. Nimeirithi kwa marehemu baba."

"Na marehemu alifariki vipi?"

Kuchi alinyamaza. Siku ile ya Idi pilau ilikuwa nyingi, na mtaa mzima ulikula.

Ndani, vijana wawili walikuwa wamefungana mikanda ya mashindano, mmoja nyekundu, mwingine bluu. Kwa sheria za Shirikisho la Karate la Dunia, ngumi iliyofika kwa usahihi ni pointi 1, teke la kiwiliwili ni pointi 2, na teke la kichwani ni 3, sawa na pigo analopigwa aliyekwisha kuangushwa. Pambano la wakubwa ni dakika 3, nalo hukatishwa mmoja akiongoza kwa pointi 8. Ukiitazama hesabu hiyo juujuu, ungetegemea kuona mateke ya kichwani kila dakika. Wapi! Teke linamwacha mpigaji kwa mguu mmoja, ngumi haimwachi. Kwa hiyo ngumi ya mkono wa nyuma, gyaku-zuki, imekuwa ugali wa kumite, yaani mpambano wa karate: ipo kila meza, na hakuna asiyejua ladha yake.

"Mwangalieni Nyekundu," alisema Mjusi. "Sasa hivi atapiga gyaku-zuki."

Nyekundu akapiga gyaku-zuki. Bluu alikuwa ameshaondoka.

"Babu, wewe mganga?"

"Mganga wa nini! Kabla ya kupiga anadunda mara tatu, anavuta pumzi hadi mabega yanapanda, kisha kisigino cha nyuma kinanyanyuka. Mimi nipo ukutani na sina hata mkanda mweupe, lakini nikipewa glavu leo namfunga."

Mjusi hakuwa anajisifu bure. Jicho likishaona kitu, mwili wa binadamu huhitaji takriban robo ya sekunde kuanza kujibu, na ngumi nzuri ya karibu haisubiri muda huo. Anayekwepa basi hajaiona ngumi, ameona kilichoitangulia. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo wanakarate na watu wasiojua karate walionyeshwa video za mpinzani akishambulia, nao wakatakiwa kusema upesi kama pigo linakwenda juu au kati. Wanakarate waliwaacha wenzao mbali. Walipopewa nukta tu kwenye skrini badala ya mpinzani, tofauti ilipungua. Maana yake, macho yao hayakuwa na wepesi wa ajabu. Walichokuwa nacho ni uzoefu wa kusoma mwili wa mtu, yaani bega, nyonga na kisigino.

"Sawa," alisema Kuchi, ambaye hajawahi kushindwa hoja hata akishindwa vita. "Na mkimbiaji Filbert Bayi je? Christchurch, 1974, mbio za mita 1500. Dunia nzima ilijua Bayi atatoka mbele tangu bastola inalia. Mpinzani wake John Walker alijua. Walimpata?"

Kunguru alikaa kimya kidogo, jambo la nadra kwa ukoo wake.

Mjusi ndiye aliyejibu. "Hawakumpata. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na Walker aliyekuwa wa pili naye aliivunja rekodi ya zamani. Walijua atakachofanya, ila hawakuwa na miguu ya kukizuia. Ukiwa na kasi ya Bayi, Kuchi, tabirika utakavyo. Lakini wewe hata uzio wa mama mwenye nyumba hujauruka."

Hapo Mjusi aligusa jambo ambalo walimu wengi hulipita. Mpiganaji hahitaji mbinu hamsini. Alimtolea mfano Rafael Aghayev wa Azerbaijan, bingwa wa dunia wa karate mara 5, mtu mfupi aliyewasumbua warefu kwa miaka mingi. Ngumi zake zilijulikana, mitama yake na mieleka yake pia. Kilichokuwa hakijulikani ni kipi kinakuja, na lini. Alikuwa anaingia kwa mwendo uleule, akazuga ngumi, mpinzani akiinua mikono anajikuta anatazama taa za ukumbi.

"Kwa hiyo huyo hakupigwa," alidakia Kuchi.

"Alipigwa. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, fainali ya kilo 75. Luigi Busà wa Italia alimshinda 1-0."

"Pointi moja tu? Dakika zote zile?"

"Walikuwa wameshakutana mara nyingi mno. Kila mmoja kamkariri mwenzake, na anayekosea kidogo ndiye anayelia. Fainali ya namna hiyo watazamaji hupiga miayo, lakini wanaojua hawapepesi macho."

Kunguru akaona zamu yake imefika. Alieleza kwamba mgeni hufaidi mara moja tu. Septemba 2018 bondia Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham na kumsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, mbele ya Waingereza ambao wengi wao walikuwa hawamjui. Ngumi ni mchezo mwingine, lakini somo ni lilelile: baada ya usiku ule kila aliyepangiwa Mwakinyo alikuwa na mkanda wa kutazama. "Hata sisi kunguru," alisema, "mababu zetu waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka. Leo Dar nzima inatutafutia mitego na sumu. Mtego mpya unatunasa siku ya kwanza. Siku ya pili tunakaa juu yake tunapiga soga."

"Ninyi ni wezi," alisema Kuchi.

"Wezi wasiotabirika."

Katikati ya mzozo huo, ndani kulitokea kisa. Bluu alizuga ngumi ya mbele, akaona uzito wa Nyekundu umehamia mguu wa mbele, akaupiga mtama wa haraka na kumalizia kwa ngumi mwenzake akiwa chini. Mashindanoni hizo ni pointi 3. Darasa likapiga kelele. Kunguru akapiga kelele zaidi.

"Nani kakufundisha hiyo?" sensei aliuliza.

"Nimeibuni mwenyewe, sensei."

"Hapa hatubuni. Push-up ishirini!"

Bluu akalala chini kuzihesabu, na Nyekundu akasifiwa kwa kusimama vizuri kabla hajaangushwa.

Kisha sensei akakaa juu ya dawati na kutoa mawaidha. "Vijana, siri ya kumite ni kutotabirika..." Mjusi ukutani alikuwa anatamka pamoja naye, neno kwa neno, hadi pale sensei anapokohoa. Hotuba hiyo hutolewa kila Alhamisi, baada ya push-up, kabla ya matangazo ya ada.

"Babu, zamani ilikuwa hivihivi?" aliuliza Kunguru.

"Babu yangu aliishi ukutani mwa dojo la Zanaki miaka ya 1970, enzi Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alipoanzisha karate ya Goju-ryu hapa mjini. Kata, yaani hatua zilizopangwa za mazoezi, zilirudiwa mpaka miguu ikajua njia yenyewe, na hilo sina ugomvi nalo. Bila msingi huwezi kuzuga chochote. Ugomvi wangu ni mtu kuchukua ratiba ya kata akaipeleka kwenye mpambano. Miyamoto Musashi wa Japani, aliyefariki mwaka 1645, aliandika kuwa mbinu ileile unaweza kulazimika kuirudia mara ya pili, lakini ya tatu usithubutu. Nyekundu leo kapiga gyaku-zuki kumi na moja."

"Basi nami nitabadilika," alisema Kuchi baada ya kufikiri. "Kuanzia kesho nakwaruza mara tatu."

Mwenye staili moja hudhani kuongeza hatua ni kubadilika. Mabondia, wanakarate na makocha wa mpira wa Kinondoni na Temeke wanaujua ugonjwa huo. Timu inasajili, inabadilisha jezi, inabadilisha hata kocha, na kona bado zinapigwa kwa mtu yuleyule. Dawa haimo katika wingi wa mapigo. Mwanzo mmoja uwe na miisho mitatu: kisigino kikinyanyuka, mpinzani asijue kama inakuja ngumi, mtama, au haji mtu kabisa. Mdundo nao uvunjwe, kwani anayedunda sawasawa anampa mwenzake saa ya kumtegea. Na video ya pambano lako itazame kwa macho ya anayetaka kukupiga.

Hayo yote huzoezwa siku za kawaida, katika sparingi ambayo kukosea hakuadhibiwi. Walimu wa karate wa Temeke na Kinondoni, mwanafunzi akikupiga mtama ambao hukumfundisha, mpe pointi zake 3, kisha mwombe aurudie polepole darasa zima lione.