Nimemwamkia Dubu

Shangazi, shikamoo.

Huku hatujambo, isipokuwa magoti. Baridi imekwisha, na wenyeji wa Tennessee wameshikwa na homa ya kupanda milima. Hawaendi shamba, hawafuati kuni, hawana mgonjwa wa kumjulia hali huko juu. Wanaendesha gari saa nzima, wanapanda, wanageuka, wanarudi palepale walipoegesha. Jumamosi wenzangu wa kazini walinibeba hadi Great Smoky Mountains.

Nilidhani tunaenda kutembea, kumbe kuinama. Kila hatua kumi mtu anapiga magoti kama aliyedondosha hereni: ua! Kuna moja linaitwa trillium, majani matatu, petali tatu, limejipanga kama mafiga. Mbegu zake hubebwa na sisimizi, na huweza kupita miaka 7 kabla halijachanua. Miaka 7, shangazi! Mtoto wa kupelekwa shule. Tena lina haraka: lazima lichanue kabla miti haijaota majani na kulizibia jua. Kulichuma ni marufuku. Nilinyoosha mkono tu, bibi mmoja nisiyemjua akanikoholea.

Mara, dubu. Mweusi, anakula majani bila wasiwasi. Sheria ya hifadhi inataka mkae mbali naye kama mita 45, ila mwenyewe hajaisoma. Kukimbia ni mwiko. Unarudi nyuma polepole huku ukisema kwa sauti. Kiingereza chote kikanitoka. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia, akaenda zake, na wenzangu hadi leo wanataka niwafundishe neno lile la kufukuzia dubu.

Sasa lililonifanya niandike. Tuliporudi tukapitia supamaketi, nikakuta kwenye rafu, ndani ya kopo, ua letu la zambarau la msitu wa Amani, lile lenye majani ya manyoya linaloota mwambani. Mkubwa mmoja wa Kijerumani pale Tanga, Saint Paul-Illaire, alilituma kwao, na mwaka 1893 likabatizwa Saintpaulia, kana kwamba bibi zetu hawakuwahi kuliona. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Msituni ndiko linakopungua. Wenzangu waliposikia ni la kwetu, wakauliza nina picha zake ngapi. Nikajifanya nafunga kiatu.

Kwa hiyo tafadhali, maua yale yaliyo kwenye jiwe nyuma ya choo, vijana wasiyafyeke. Na magoti yako yakikubali, yapige picha unitumie kabla ya Jumatatu.