Prosesa ya Kariakoo, Asali ya Sikonge

Kompyuta ya nyumbani kwetu Cheyo ni ThinkPad T420, toleo la 2011, na ilifika Tabora ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wengine. Mume wangu anatunzia humo hesabu za mizinga yake ya Sikonge. Binti yetu mkubwa aliandikia humo kazi zake zote za chuo, na mdogo wake wa kidato cha tano anajifunzia kuandika programu. Lakini kuna kitu kinachozidi hivyo vyote: sauti ya marehemu mjomba, kaka wa mama mkwe wangu, akisimulia kwa saa kadhaa safari za babu yao, mpagazi aliyekuwa akitoka hapa Unyanyembe na mzigo wa pembe begani hadi Bagamoyo, na kurudi na vitambaa. Mjomba hatunaye tena, na nakala nyingine ya simulizi zile haikuwepo.

Kwa hiyo diski ilipoanza kugonga, kikao kiliitishwa jioni ileile.

Kijana alitaka prosesa. Alikuwa ameshaichagua, Core i7, na aliitetea kwa moto mkubwa. Dada yake akamkatalia. Alituambia kwamba uzito wa kompyuta yetu hautoki kwenye prosesa. Diski yetu ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kila kompyuta inapotaka kitu, inangoja mpaka sehemu yenye kitu hicho ipite chini ya kichwa cha kusomea. Kungoja huko peke yake kunakula wastani wa zaidi ya milisekunde nne, na programu moja ikifunguka inaweza kutafuta vitu maelfu. SSD haina kinachozunguka, kwa hiyo haingoji. Halafu RAM: tulikuwa na GB 4, na kivinjari kikishazijaza, ziada inamwagwa kwenye diski ileile iliyochoka. Kuhusu prosesa alikuwa mkali. Yetu, i5-2520M, ina viini viwili vya GHz 2.5. Ile ya mdogo wake, i7-2640M, ina viini viwili vilevile, vya GHz 2.8.

"Mume wangu," Bibi, yaani mama mkwe wangu, akamwambia mjukuu wake, maana ndivyo anavyomwita tangu azaliwe, "msikilize dada yako. Kwanza mniokolee kaka yangu, hayo mengine mtagombana baadaye."

Kijana hakukubali kushindwa moja kwa moja. Alisema ukitaka kufikia prosesa lazima ufungue kipozeo cha shaba na feni, na kwamba vumbi la Tabora la miaka yote hiyo limelala humo. Hapo hakuna aliyembishia. Mwezi wa kumi hapa jua linawaka, upepo unaokota vumbi jekundu la barabarani na kuliingiza kila mahali, na feni ya kompyuta yetu ilikuwa ikivuma mchana kutwa. Tukaagiza vyote vitatu Kariakoo, Dar es Salaam: SSD, RAM mbili za GB 8, ambazo ndizo mwisho wa uwezo wa T420, na prosesa. Mume wangu akauza madumu ya asali.

SSD na RAM zilifika kwanza, kwa basi, zikiwa kwenye boksi la viatu. Kuhamisha kulianza usiku, na binti alianza na faili za mjomba kabla ya kitu kingine chochote. Umeme ukakatika katikati. Betri ya kompyuta ilikuwa na uhai wa dakika chache tu, na fundi aliyewahi kutuahidi nyingine hakuonekana tena. Karibu nasi yuko kinyozi mwenye betri ya sola na inveta. Mume wangu alitaka kuibeba kompyuta mbio hadi kibandani kwake, binti akamzuia kwa mikono miwili: sahani inayozunguka ikitikiswa, kichwa kinaweza kuikwaruza, na kilichokwaruzwa hakisomeki tena. Basi kinyozi mwenyewe akaja. Betri akaifunga kwenye kariya ya baiskeli, inveta akaivaa shingoni kwa kamba, akaingia sebuleni akihema. Bibi alisimama kumpokea, na kwa umri wake hasimami kwa kila mtu. Mjomba akavuka usiku ule.

Prosesa ilichelewa. Bibi akiwa anabandika matobolwa, akaniuliza kama na sisi tumezuiwa njiani na Mirambo, yule mtemi aliyezuia misafara, na kwa kweli mji huu unajua kusubiri mzigo wa pwani. Wapelelezi Burton na Speke waliingia hapa tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Livingstone, baada ya Stanley kuondoka kwenye tembe la Kwihara katikati ya Machi 1872, alikaa palepale mpaka Agosti akingoja wapagazi na mizigo kutoka Zanzibar. Tembe lile lipo hadi leo, kilomita chache tu kutoka mjini, na kila ninapowapeleka wanafunzi wangu huko nawaambia wafikirie ile miezi mitano: mtu anajua anachohitaji, anajua kilipo, na kati yake na kitu hicho kuna nchi nzima. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kuifupisha nchi hiyo. Haikuifuta. Kitu kikiharibika Dar es Salaam unavuka barabara kukitafuta. Kikiharibika hapa, unapiga simu, unatuma pesa, na kuanzia hapo unamwamini mtu usiyemwona.

Boksi lilipofika tukafungua, na mtoto akaiinua prosesa kwenye mwanga. Dada yake akasoma maandishi ya mgongoni: i7-620M. Hiyo ni ya kizazi cha kwanza, ya 2010. Yetu ni mashine ya kizazi cha pili. Kwa macho zinafanana, zote zina pini 988, ila pini moja imehamishwa makusudi ili isiingie mahali pasipo pake. Kijana alitaka kujaribu kuibonyeza. Nikaikunjia kwenye kitambaa na kuiweka kabatini.

Muuzaji, kwenye simu, alisema alichotuma ndicho tulichoagiza. Akasema tena. Mume wangu akachukua simu, akamwuliza kwao ni wapi. Kisarawe. "Kumbe mtani!" Sauti ikabadilika upande wa pili. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikua kwenye njia ile ya misafara, watu wa bara wakipita vijiji vya watu wa pwani mwaka hadi mwaka, wakilishana na wakizikana. Unampa mtu haki ya kukutukana bila wewe kukasirika, na haki ya kukudai usimwangushe. Mume wangu alimtukana vizuri. Alimwambia babu zake yeye walikuwa wakitembea miezi kumpelekea babu wa muuzaji pembe nzima, wala hawakumpelekea pembe ya mbuzi. Prosesa sahihi ilitumwa, na nauli ya basi akailipa muuzaji mwenyewe.

Upasuaji tuliufanya Jumamosi mchana, kwenye meza ya chakula. Nitasema hili bila kusita: T420 ilitengenezwa na watu walioheshimu atakayeifungua. Kitabu cha matengenezo kipo wazi kwa kila mtu, kila skrubu ina urefu ulioandikwa, na prosesa imekaa kwenye soketi inayofunguka kwa kugeuza skrubu moja nusu mzunguko. Binti alipanga skrubu kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kutoka. Kibodi ikatoka, fremu ikatoka, kisha feni, na mbele ya mapezi ya shaba tukakuta blanketi nene la vumbi jekundu. Kijana hakusema kitu. Alitutazama mmoja mmoja.

Walikuwa wameshafuta pesti kavu, na prosesa mpya imelala soketini, haijafungwa, nyuki wa kwanza alipoingia dirishani. Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa ameshusha ndoo ya asali mbichi kutoka Sikonge, na mfuniko ulipasuka njiani. Wa pili akaja, wa kumi akaja, halafu hatukuhesabu. Nyuki wetu hawana mzaha. Kijana alifunika madabodi kwa ungo, tena akarudi kuchukua trei ya skrubu huku wakimwuma sikio. Tulikimbilia uani. Mume wangu akafunga kinyesi cha ng'ombe kikavu kwenye gome, akawasha, akaingia na moshi. Bibi, kutoka kwenye mkeka wake, akawa anapiga kelele: "Moshi usiingie kwa kaka yangu!" Tulimweleza mara nyingi kwamba kaka yake sasa yuko kwenye SSD, na SSD iko chumbani kwangu ndani ya sanduku la kanga. Ndoo ikahamishiwa kwenye mwembe wa nyuma, nyuki wakaifuata, na jioni tukarudi mezani.

Mshale wa kwenye kona ya prosesa ukakutana na mshale wa soketi. Pesti kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. Feni, fremu, kibodi. Tukawasha. Feni ilizunguka, mashine ikalia, skrini ikabaki nyeusi. Kijana, sikio limevimba, alikaa chini sakafuni. Dada yake akachomoa RAM zote mbili, akaziingiza upya kwa kuzilaza taratibu hadi vibanio vya pembeni vikalia, na nembo ikatokea.

Sasa inawaka kabla chai haijamiminwa, na feni haivumi. Nikipima kwa haki, SSD ndiyo iliyofanya kazi kubwa, RAM ikafuata, prosesa ilichangia kidogo, na usafi ule wa kipozeo ulichangia kuliko prosesa. Windows 11 haiipokei mashine ya umri huu, kwa hiyo binti aliweka Linux, na hesabu za mizinga zinafunguka bila tabu. Kinachoniuma ni kwamba kuanzia kizazi cha tano cha Core, prosesa za laptopu zinachomelewa moja kwa moja kwenye madabodi, na siku hizi mashine nyingi hata RAM zake zimechomelewa. Aliyeamua hivyo hakumfikiria mtu aliye mbali na duka, mwenye bisibisi, kitabu, na watoto wenye subira.

Nakala za mjomba ziko tatu: kwenye SSD, kwenye flashi niliyoifungia na vyeti vya nyumba, na kwa wifi yangu aliyeko Kigoma. Ile i5 tuliyoitoa haijatupwa. Kinyozi naye ana laptopu, ya miaka ileile, yenye i3 na soketi ileile, anatunzia nyimbo za kibandani. Tumekubaliana Jumamosi ijayo tuifungue ya kwake, na RAM zetu za zamani amezichukua tangu jana.