Inchi Sita kwa Macho Kumi na Mawili

Mashine ndogo ya gemu ikiingia nyumbani na kuzua vilio, lawama huangukia watu: kaka mchoyo, mdogo wake ana pupa, baba naye anadai anaikagua tu kwa usalama wa wanawe, ukaguzi wa saa nzima. Mimi naitetea familia. Mshitakiwa ni kioo. Nintendo Switch iliyotoka Machi 2017 ilikuja na kioo cha inchi 6.2, kidogo kuliko cha simu nyingi za leo. Nyumba ya watu sita ina macho kumi na mawili, na kwetu macho hayakai bure panapochezwa mchezo. Hesabu ikikataa, viwiko huanza kazi.

Tangu zamani mchezo kwetu si mali ya wachezaji peke yao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, vyote wazi juu ya ubao, ili hata aliyesimama nyuma kabisa na kikombe chake cha kahawa aone kosa kabla halijatendeka, alitangaze. Waliokaa ni wawili, wanaocheza ni baraza zima. Vibanda vya PlayStation navyo vinaendeshwa hivyohivyo: padi mbili, na nyuma yake benchi la makocha wasiolipa hata shilingi lakini wanaojua fika kwamba mpira ulipaswa kwenda kwa winga. Sasa yapeleke mazoea hayo kwenye mashine inayoshikwa kifuani. Mshauri hawezi kushauri bila kumwegemea mchezaji, wa pili anamwegemea wa kwanza, wa tatu anapanda mkono wa kochi, na chai iliyokuwa imetulia juu ya stuli inaishia kwenye zulia. Atachapwa mtoto, ilhali kila mtu alikuwa anatafuta tu pa kuonea.

Watengenezaji wenyewe hawakuficha kitu. Inasimuliwa kwamba Gunpei Yokoi wa Nintendo, aliyebuni mashine ya gemu ya mkononi Game & Watch ya mwaka 1980, alipata wazo hilo treni ikienda, alipomwona abiria aliyechoshwa na safari akichezea kikokotoo. Ndiyo asili ya ukoo huu: mtu mmoja, kiti kimoja, na asisemeshwe. Game Boy ya 1989 ilifuata nyayo. Kioo chake hakikuwa na mwanga wake, hivyo kila aliyesogea kuchungulia alileta kivuli akageuka adui, na wawili wakitaka kushindana walihitaji mashine mbili na waya katikati.

Wapo watakaosema Switch imelimaliza hilo, maana padi zake, Joy-Con, huchomolewa ubavuni, mashine ikasimamishwa mezani na watu wawili wakacheza. Ni kweli. Ila kila padi ina urefu wa sentimita 10 hivi, na vitufe vya ukingoni vimetengenezwa kana kwamba binadamu hana kidole gumba. Babu aliyezoea mpini wa jembe atavibonyeza vitatu kwa mpigo, kisha aulize nani kaligusa gari lake. Tena mkicheza mbio za magari za Mario Kart 8 Deluxe wanne, kioo hukatwa vipande vinne na kila mmoja anabaki na inchi 3.1. Tumetembea tangu 1989 kufika jirani na kioo cha Game Boy.

Pingamizi zito ni la runinga: chomeka mashine kwenye kituo chake, picha iende kwenye kioo kikubwa, familia nzima ione. Hapo nakubali nusu, kwa sababu dawa yenyewe ni kuacha kuishika mkononi, jambo ambalo ndilo nimekuwa nikilisema. Nusu ya pili ni kwamba runinga ina wenyewe, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku haipishi mbio za magari, wala tamthilia ya Kituruki haipishi taarifa ya habari. Na aliyenunua Switch Lite ya 2019 kwa kuvutiwa na bei atagundua, wageni wakiwa wameshakaa, kwamba hiyo haiungwi na runinga kabisa. Kioo chake ni inchi 5.5, basi.

Ushahidi wangu wa mwisho unatoka kwa kampuni yenyewe. Pamoja na Switch ilitolewa gemu iitwayo 1-2-Switch, ambayo sehemu kubwa yake huwataka wachezaji wasitazame kioo, watazamane wao kwa wao usoni, huku benchi likicheka. Mojawapo ya michezo yake ni kukamua ng'ombe, padi ikishikwa kama chuchu. Hapo ndipo bibi aliyelelewa zizini anapopata haki yake: hahitaji miwani wala kuegemea bega la mtu, na hata akishindwa na mjukuu bado ana hoja, kwamba hakuna ng'ombe atakayekubali kukamuliwa kwa fujo namna ile bila kupiga teke ndoo.