Harusi Iliyofutwa Mbele ya Wenyewe

Keki imeshakatwa, kipande kinaelekea mdomoni mwa bibi harusi, ndipo simu ya mpiga picha ikatangaza kwamba nafasi imejaa. Tangazo hilo lingebaki siri yake, ila simu ilikuwa imeunganishwa na projekta, na ukumbi mzima wa Himbi, mjini Goma, ukalisoma ukutani, kila herufi kubwa kama mtoto wa chekechea.

"Papa, fanya mbio, mukono inachoka!" akalia bwana harusi.

Jamaa akaanza kufuta. Ukutani vikapita mbuzi wa mahari ya watu fulani, risiti, ubatizo wa Katindo, dansi ileile iliyorekodiwa mara tatu. Wageni nao wakageuka washauri. Toa hiyo! Hiyo acha! Alipoifuta harusi moja nzito ya gigabaiti 8, makofi yakalipuka, isipokuwa meza moja ya pembeni. Wenye harusi hiyo walikuwa wamekaa pale, na nakala yao hawajaichukua kwa kuwa bado walikuwa wanamalizia deni.

Mafaili yanayofunguliwa mara moja kwa mwaka hayana haja ya kujazana simuni. Yakipandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, simu inaweza kubaki na kijipicha tu. Na uhondo uko huko yanakokwenda: faili hukatwa vipande, vikagawanywa katika mashine mbalimbali, mara nyingi hata majengo mbalimbali, pamoja na hesabu za ziada zinazowezesha kipande kilichopotea kukokotolewa upya kutokana na vilivyosalia. Diski moja ikifa usiku, mwenye harusi hajui. Yasiyoguswa kabisa yana daraja lake la bei ya chini, ila ukiyahitaji huenda ukasubiri saa kadhaa. Mtu anaweza kulisimulia jambo hili mpaka wali upoe.

Nani angefaidi kuliko Goma? Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbilia Sake na Gisenyi na godoro kichwani. Diski ya studio ya mpiga picha wetu ilibaki mezani. Siku 10 baadaye, tarehe 1 Juni, Google Photos ikaacha kupokea picha bure bila kikomo, kila mpya ikahesabiwa ndani ya gigabaiti 15.

Kuna pia hesabu ya kupandisha. Gigabaiti 500, kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, ni siku 23 mfululizo, umeme usikatike. Usikatike, Goma! Nafasi ya ziada hulipiwa kila mwezi, kwa kawaida kwa kadi ya benki, na benki za mji huu zilifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka. Hapo kicheko kinakauka. Wanaohubiri kwamba huduma hii ni rahisi hawajawahi kutafuta pa kulipia dola mbili katika mji uliofungiwa benki zake.

Kisa cha kadi yake ya kumbukumbu kufuliwa ndani ya suruali kilikuja wiki moja baada ya harusi ile.

Sasa mpiga picha hupandisha picha tu, usiku. Video ziko kwenye diski mbili, moja kwa shemeji yake Gisenyi, ambaye ameshazitazama zote na ana maoni makali kuhusu magauni.