Penye Kunguru Wengi

Barua ya kwanza kwenye dawati la Mshauri wa Ndege imetoka kwa mama mmoja wa Mikocheni, Dar es Salaam, aliyesaini kwa jina la "Niliyemtaka Chozi". Mama huyu aliona kwenye simu bustani ya watu wa Uingereza, ndege wadogo wa rangi wakidonoa punje kwenye kibanda kilichotundikwa mtini, akaamua kwamba ukuta wa nyuma ya jiko lake unafaa kwa shughuli hiyo. Kila baada ya chakula cha mchana akawa anamwaga ukoko wa wali pale juu. Chozi hajaja hata mmoja. Wamekuja kunguru. Wamekula ukoko, wamepekua pipa la taka, wameondoka na sabuni ya kuogea iliyoachwa dirishani, na juzi wamebeba vifaranga wawili wa jirani. Jirani hasalimii tena. Mama anauliza amekosea wapi.

Mshauri anaanzia kwenye mlo. Chozi hali wali, hali mtama, hali mkate. Mdomo wake mwembamba uliopinda ni wa kuingia ndani ya maua, na ulimi wake ni wa kunyonya maji matamu yaliyomo. Akimaliza hapo anasaka buibui na wadudu wadogo, hasa anapokuwa na makinda, kwa kuwa kinda halikui kwa sukari peke yake. Kumwagia chozi wali ni kama kumwandalia ng'ombe mchuzi wa pweza. Anayemtaka apande anachokila: mshubiri, ambao hauombi maji mengi, au mwambangoma kwa mwenye kiwanja kikubwa na subira. Tena mgomba nao ni wa chozi, maana lile ua zito linaloning'inia chini ya mkungu lina utamu anaoufuata kutoka mbali. Katika barua yenyewe mama ametaja, kwa kupita tu, kwamba mbele ya nyumba ana migomba. Aende akasimame huko asubuhi.

Kuhusu kunguru, huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Asili yake ni India na nchi za jirani, na aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka za mji. Kazi aliyopewa aliifanya, ila hakuna aliyemwambia aishie wapi. Mombasa, ambako wengi humwita kurabu, alionekana mwaka 1947, na leo pwani yetu yote inamjua. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na hata kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, anamsumbua mpaka anahama. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hawa milioni moja. Mama wa Mikocheni, kwa ukoko wake, alikuwa anapigania upande wa pili.

Basi asimwage tena kitu ukutani, pipa lipate mfuniko mzito, na ajiandae kwa wiki kadhaa za kukaguliwa, kwa sababu kunguru hasahau haraka mahali alipowahi kushiba. Vifaranga wa jirani awalipie. Hilo halihitaji mtaalamu wa ndege.

Barua ya pili ni ya mwalimu mstaafu wa Muheza, Tanga, na imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Mnana wamehamia kwenye mnazi wake, wanachana makuti mchana kutwa na wanapiga kelele tangu alfajiri. Anataka dawa.

Mshauri ana udhaifu kwa mnana, na wasomaji wamvumilie kidogo. Dume wa manjano mwenye kichwa cheusi hukata ukingo wa kuti kwa mdomo, kisha huruka nao hadi utepe mrefu uchanike. Kwanza anafunga kitanzi kwenye tawi, na akiwa amesimama ndani ya kitanzi hicho anafuma mbele na nyuma mpaka nyumba inafunga. Ikikamilika, anajining'iniza chini yake kichwa chini, anapiga mabawa na kupayuka. Hizo ndizo kelele anazozisikia mwalimu: ni matangazo ya nyumba. Jike anaingia, anavuta nyuzi huku na huku, na asiporidhika anatoka bila kuaga. Majani ya kijani yakishakauka na kugeuka kahawia, hakuna jike atakayeitazama nyumba hiyo, hivyo dume anaibomoa mwenyewe na kuanza upya palepale.

Jike naye ana akili zake. Kekeo hupenda kuingiza yai lake kwenye viota vya mnana ili alelewe mtoto bure. Kwa hiyo kila jike wa mnana hutaga mayai ya rangi yake: wa kwanza meupe, wa pili ya buluu, wa tatu yenye madoa. Lililo geni likionekana linatupwa nje.

Dawa ya kweli hakuna. Mnana hupenda kujenga karibu na watu, pengine kwa kuwa penye watu nyoka na mwewe hawatulii, na mwalimu anapaswa kuichukua kama heshima. Mnazi mzima hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo asiogope. Akishindwa kabisa, akate makuti ya pembeni kabla ujenzi haujaanza msimu ujao, si sasa wakati kuna mayai ndani. Chini ya barua mke wa mwalimu ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu: anasema ndege wa watu wanabomoa na kujenga upya bila kuambiwa, na paa la jiko lake linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Mshauri ameuona mstari huo, na anaupeleka kwa mhusika.

Kijana wa Mwanza ana ndege anayegonga dirisha la chumba chake kila asubuhi. Shangazi yake amesema ni ujumbe kutoka kwa mtu, na mganga amekwisha kula pesa. Mshauri anauliza jambo moja: kioo ni cha tinti? Kama ndivyo, basi huenda huyo ni chozi dume aliyeona dume mwenzake ndani ya kioo, tena mwenye nguvu sawasawa na zake, asiyekimbia. Wakati wa kutaga, dume hulinda eneo lake kwa ukali, na adui wa aina hiyo hamalizwi kwa siku moja. Kijana apake maji ya sabuni upande wa nje wa kioo, au abandike magazeti kwa muda. Na kwa mwenye gari, kioo cha pembeni kivishwe soksi. Pesa ya mganga hairudi.

Kisha kuna barua isiyo na swali. Imetoka kwa mkulima wa mpunga wa Mbarali, na inasema hivi: "Nyinyi huko mjini mnawaita ndege. Sisi huku tunaamia kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, watoto wako kwenye dungu na teo mkononi, sauti zimekauka. Njooni mwachukue wetu."

Hapa Mshauri anavua kofia. Wanaoamiwa huko ni kweleakwelea. Mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la milioni mbili linaweza kumaliza tani 20 kati ya asubuhi na jioni. Ndiye ndege wa mwituni anayeaminika kuwa na idadi kubwa kuliko wote duniani. Serikali hupeleka ndege za kunyunyiza sumu mahali wanapolala, lakini sumu hiyo haichagui: mwewe na bundi wanaowaokota wagonjwa nao hufa. Kondoa kuna watu wanaowatega kwa vikapu na kuwala, na kwa maoni ya safu hii huo ndio mpango wenye akili zaidi, ingawa vikapu haviwezi kumaliza kundi. Mjini kwelea si tatizo la mwenye bustani. Hata hivyo mkulima ana haki ya kucheka.

Mkazi wa ghorofa ya nne Nairobi anauliza kama anaweza kuwaona ndege bila kuwaita nyumbani. Anaweza. Shirika la Nature Kenya lina matembezi ya kuangalia ndege Jumatano asubuhi, yanayoanzia makumbusho ya taifa. Kenya ina aina zaidi ya 1,000, na hakuna hata moja itakayochafua baraza lake.

Dada wa Morogoro ameweka beseni la maji uani. Hua na tetere wanakuja, lakini mjumbe wa nyumba kumi amemwambia anafuga mbu. Mjumbe ana hoja, maana Dar es Salaam ilikwishaonja homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Beseni liondolewe, liwekwe sinia la udongo lenye kina cha vidole viwili, maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku ya pili. Mbu huhitaji takriban wiki moja majini kabla hajaruka. Liwe mbali na kichaka anamojificha paka. Na dada awatazame vizuri wakinywa: kuku huinua kichwa ili maji yateremke, lakini hua na jamaa zake wote hutumbukiza mdomo na kuvuta mfululizo.

Ya mwisho ni ya bwana wa Moshi. Bundi mweupe analala juu ya dari yake, usiku anapiga ukelele wa kukwaruza, na mama mkwe, aliyekuja kwa siku tatu na sasa ana mwezi wa pili, anasema kuna mtu atakufa nyumbani humo. Anataka bundi auawe.

Anayekufa humo kila usiku ni panya. Bundi humeza panya mzima, na baada ya saa kadhaa hutapika kifundo cha manyoya na mifupa. Bwana akiokota kimoja huko darini na kukipasua kwa kijiti, atahesabu mafuvu mwenyewe. Bundi aachwe. Sumu ya panya iondolewe, kwa sababu panya aliyekula sumu humuua anayemla. Kuhusu mama mkwe kuendelea kukaa, safu hii inashughulika na ndege tu.