Pipi ya Mwalimu

Jamani, mimi na huyu mwalimu mstaafu hapa kwa Mangi tutakosana. Nimeagiza chai, nikaongeza andazi, nikaongeza la pili, basi ananikazia macho kama anaita mahudhurio. Eti sina kiasi. Mbele za watu! Mangi naye anachekelea, na daftari lake la madeni linaishi kwa jina langu.

Nikapewa somo bure. Kulikuwa na profesa, Walter Mischel, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anawawekea watoto wa chekechea pipi laini mezani. Ukingoja mpaka mkubwa arudi, unapata mbili. Ukishindwa, gonga kengele, kula moja yako. Wengine wakaimba, wengine wakajiziba macho. Waliongoja, eti baadaye mitihani waliiweza. Kumbe kufeli kwangu darasa la saba kulianzia kwenye pipi! Miaka yote nalaumu hesabu.

Halafu wengi walikuwa watoto wa wasomi wa chuo hichohicho. Wameshiba hao. Sisi sinia moja, vichwa saba. Ujizibe macho uimbe? Ukifumbua, sinia limeshaoshwa. Nyama anagawa kaka mkubwa, na kaka mkubwa namjua.

Mwalimu, ubaya wake ni mkweli, akaongeza utafiti wa mwaka 2013, wa Chuo Kikuu cha Rochester. Watoto wengine waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea, hawakuletewa. Ilipokuja zamu ya pipi, hao wakavumilia kama dakika 3. Walioletewa, 12. Nikapiga meza, chai ikamwagika, ya kwangu. Mnaona? Mimi si mlafi, mimi nimedanganywa!

Nikakopa pipi mbili, mbio nyumbani. Mwanangu ana miaka minne. Nikamwekea moja: usile mpaka nirudi, nakupa nyingine. Sijafika mlangoni, kru! Nikageuka nimfokee. Akaniuliza, "Baba, na baiskeli?"

Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Akaweka ile ya pili, akasema maneno yaleyale, akaenda kwa jirani. Umbea ukamkolea. Mtoto akakunja mikono. Akangoja, akangoja, mpaka usingizi ukamchukua palepale, pipi haijaguswa.

Tukabaki wawili, mimi na pipi. Nikajaribu kuimba.

Asubuhi ameamka anaidai. Nimemwambia panya.