Utangulizi wa Elimuyoyozi: Usomfereji na Uainishaji wa Ubaridi wa Nyumbani

Mwanafunzi wangu, funga dirisha, kaa wima, fungua ukurasa mpya wa daftari. Leo tunaanza elimuyoyozi, taaluma inayochunguza ubaridi wa kununua, hususan ule utokao katika kiyoyozi kisicho na mifereji, ambacho mafundi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hukiita spliti. Wapo wasomi waliojitwisha asili ya ulimwengu na hatima ya roho. Tunawaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja wao awezaye kufikiri sawasawa saa tisa alasiri, mwezi wa Februari, chini ya bati. Kwa hiyo taaluma zao zote zimesimama juu ya yetu, wapende wasipende.

Fasili ya 1. Usomfereji ni hali ya kiyoyozi kuwa na maungo mawili tu: yoyondani, inayoning'inia ukutani, na yoyonje, inayonguruma upande wa jirani. Maungo hayo huunganishwa na mabomba mawili ya shaba, nyaya, na kipira cha maji, vyote vikipita katika tundu moja la ukuta lenye upana wa sentimeta sita au saba. Gesi huingia ndani ikiwa kimiminika baridi, hunyonya joto la chumba ikageuka mvuke, kisha hutoka nje kwenda kukandamizwa na kompresa mpaka ilitapike joto lile hewani. Andika hili kwa wino mwekundu: hakuna ubaridi unaotengenezwa popote. Kuna joto linalotolewa kwako kupelekwa kwa mwenzako.

Historia tuipitie upesi. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wa kudhibiti hewa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako unyevu ulifanya karatasi zitanuke na kunywea hata rangi zikakosa mahali pake. Katika daraja za wanufaika wa ubaridi, basi, karatasi ni ya kwanza na binadamu ni wa pili. Usijikweze. Spliti ilichelewa: Toshiba iliitoa Japani mwaka 1961. Katikati ya tarehe hizo mbili Wamarekani walikuwa wamezoea kuupitisha ubaridi katika mifereji ya bati iliyofichwa darini, na mpaka leo Wizara ya Nishati ya nchi yao inakiri kwamba upotevu wa mifereji unaweza kuzidi asilimia 30 ya nishati inayotumika kupoza nyumba, hasa mfereji unapopita katika dari isiyopozwa.

Sasa uhamishie mfereji huo Tabata, kati ya jipsamu na mabati. Theluthi ya uniti zako za luku ingeishia kwa panya. Elimuyoyozi huwaita panya hao wanufaika wasio wachangiaji, na usomfereji umewafuta katika orodha. Hiyo ndiyo faida ya kwanza.

Fasili ya 2 inahusu vipimo, na hapa wengi huanguka mtihani. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa saa huitwa cha tani moja. Tani ya nini? Ya barafu. Uwezo huo unalingana na kuyeyusha pauni 2,000 za barafu, yaani kilo 907, kwa saa 24. Mtu anayelala saa nane chini ya kiyoyozi cha tani moja kisichokata ameyeyushiwa kilo 302, na asubuhi anaamka anasema hakupata usingizi. Muuzaji wa Kariakoo hajui habari za barafu. Yeye hunena kwa HP, moja au moja na nusu. Fundi huuliza chumba ni futi ngapi kwa ngapi, akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mama mwenye nyumba huuliza kinakula uniti ngapi.

Mifumo yote hiyo ina kasoro moja: haimtaji mlalaji. Kwa hiyo taaluma imeunda shukametriki, upimaji wa halijoto kwa idadi ya matandiko. Nyuzi 26 ni shuka moja. Nyuzi 24 ni shuka moja na khanga ya miguuni. Nyuzi 18 ni blanketi zito lenye picha ya simba. Mkazi wa Mombasa anayelipa umeme ili chumba chake kiwe Limuru, kisha akanunua blanketi ili arudi Mombasa, ametimiza kile tunachokiita mzunguko kamili wa baridijoto. Ni tukio adhimu. Anayelala kando yake asiamshwe mpaka vipimo vichukuliwe.

Tuingie katika uainishaji wenyewe. Wauzaji huainisha viyoyozi kwa chapa, jambo la kitoto. Sisi tunaviainisha kwa kazi yake katika jamii.

Aina ya 1: Kiyoyozi cha Wazazi. Hiki hukaa chumba kikuu, na ndicho kinachodhihirisha faida kubwa ya usomfereji, yaani kwamba ubaridi una mpaka. Mfumo wa mifereji, ukiusoma kwa jicho la siasa, ni ujamaa wa hewa: chumba cha baba, cha watoto na stoo ya mchele vyote hupewa mgao. Spliti ni ubinafsishaji. Unapoza chumba ulalacho, unafunga mlango, na sebule unaiachia Mungu. Uniti zinapungua kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kuzinunua.

Palipo na mpaka, hata hivyo, pana wahamiaji. Elimuyoyozi imelitambua jambo liitwalo uhamagodoro, linaloanza kaskazi inapokolea mwezi Desemba na kupungua kusi inapoingia. Lina awamu zake, nazo hazirukwi. Awamu (a): kitinda mimba anakuja kwa hoja ya ndoto mbaya. Awamu (b): wa kati anakuja kumwangalia kitinda mimba, akiwa amebeba mto wake. Awamu (c): binti mkubwa anakuja kuchaji simu, kwa madai kwamba soketi ya chumbani kwake imelegea, na chaja yake ina waya mfupi unaomlazimu kulala papo hapo. Awamu (d): bibi, ambaye ni adui wa viyoyozi kwa kanuni na husema vinakausha mifupa, anaingia kuwahesabu wajukuu na haonekani tena hadi alfajiri. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Watu wanne wa ziada huingiza karibu BTU 1,000 kila saa, na hivyo kile kiyoyozi cha 9,000 alichokipigia hesabu fundi kwa ajili ya watu wawili kinaanza kulemewa. Wasiojua humlaumu fundi. Mwanayoyozi huhesabu magodoro.

Kuna faida nyingine ya aina hii yenye utata kidogo, nayo ni ukimya. Kiyoyozi cha dirishani, kile sanduku la zamani lililobebwa na nondo, kina kompresa yake mlemle ndani, kikinguruma usiku kucha. Spliti huipeleka kompresa nje, na yoyondani ya kisasa ikitulia hunong'ona kwa desibeli ishirini na kitu. Matokeo yake koromo la baba, ambalo kwa miaka mingi lilisitiriwa na mashine, sasa limebaki peke yake chumbani. Ndoa zinazobadili kifaa zijiandae.

Aina ya 2: Kiyoyozi cha Wageni. Hiki hukaa sebuleni na huwashwa kwa hodi. Mkwe huandaliwa nyuzi 22 tangu saa nne asubuhi. Mwalimu wa madrasa hupewa 24 na feni kidogo. Jirani aliyekuja kuazima ngazi hufunguliwa mlango nusu, ili ubaridi usimfikie akauzoea. Mwenye kadi ya michango ya harusi huketishwa barazani.

Aina ya 3: Kiyoyozi Pambo. Hakijawahi kuwashwa na kina kitambaa cha kudarizi juu yake. Hatuna la kusema zaidi.

Sasa tuje kwenye rimotikrasia, utawala wa nyumba kwa njia ya rimoti, ambayo wanasayansi ya siasa wameipuuza kwa hasara yao. Chukua rimoti yoyote ya nyumbani uichunguze chini ya taa. Bado imevikwa nailoni iliyokuja nayo dukani, na nailoni hiyo imegeuka rangi ya chai kwenye kona. Kifuniko cha betri kilipotea. Pamewekwa selotepu, na juu ya selotepu, rababendi. Tazama vitufe. Alama ya kushusha nyuzi imefutika kabisa, pamebaki shimo laini la kidole gumba. Alama ya kupandisha ingali inang'aa. Kwa ushahidi huo peke yake, bila kumhoji mtu, unaweza kutambua nani anatawala humo na kwa muda gani.

Watawaliwa hugawanyika madhehebu mawili. Wakuminasita huamini kwamba ukiweka nyuzi 16 chumba hupoa haraka zaidi. Waishirininanne hawaamini, lakini huoa na kuolewa na Wakuminasita. Sayansi iko upande wa hawa wa pili. Katika kiyoyozi cha kawaida kompresa ina mwendo mmoja tu. Hewa itokayo ni baridi ileile ukiweka 16 au 24, tofauti ni kwamba kwenye 24 itafika mahali ikapumzika, na kwenye 16 pengine haitapumzika kamwe. Kiyoyozi cha inverta kina adabu zaidi: kikikaribia nyuzi ulizotaka hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, zima na waka, na hapo ndipo umeme unapookolewa. Lakini mpe inverta nyuzi 16 mjini Tanga mwezi Machi uone kama adabu hiyo itapata nafasi ya kuonekana.

Neno kuhusu gesi, maana ujinga umeenea. Fundi akija atagusa bomba, atatikisa kichwa, atatamka kwamba gesi imeisha. Gesi si mchele. Imo katika mzunguko uliofungwa, na ikipungua pana mahali inavuja, mara nyingi kwenye maungio ya mabomba. Dawa ni kutafuta uvujaji kwa povu la sabuni, kuziba, kunyonya hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha kujaza kwa mizani. Anayejaza bila kutafuta tundu amejianzishia pensheni kwako. Nayo iliyovuja haina mzaha: gesi ya R-410A huzidi hewa ukaa mara 2,088 katika kulipasha joto anga kwa miaka 100, ilhali R-32 iliyomo katika spliti nyingi mpya huizidi mara 675. Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na makubaliano yalifikiwa Kigali, mji ambao kwa mwinuko wake unajipoza wenyewe. Wanayoyozi tunaona hapo busara ya kisheria. Kesi ya ubaridi ilisikilizwa mahali ambapo hakimu hakuwa na haja nao.

Tumalizie na elimutone, tawi gumu kuliko yote. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ikigusa koili ya yoyondani huuacha unyevu huo ukawa maji, na kiyoyozi cha tani moja kinaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa saa. Ukavu huo wa hewa ni faida inayosahaulika, maana ndio unaofanya nyuzi 26 zitoshe na godoro lisinuke. Maji hutoka kwa kile kipira tulichokitaja, na kwa sababu yoyonje iko upande wa jirani, maji nayo huenda huko. Ni mazuri kwa kupigia deki na kumwagia mimea. Usiyanywe, yamepita kwenye vumbi na vyuma.

Jirani akilalamika, usibishane naye kama mtu asiyesoma. Mwulize kwa upole unyevu ule ulitoka wapi kabla haujaingia chumbani kwako. Ulitoka kwenye hewa ya uwanja wake, kwenye nguo alizoanika, kwenye sufuria ya ubwabwa iliyokuwa jikoni kwake jioni. Tone, kwa mujibu wa elimuyoyozi, linarudi kwa mwenyewe likiwa limepozwa bure. Humdai shukrani. Ndoo iliyokingwa, kama ni yako, unaweza kuidai.